Mashine ya boti iliyolala kusi nzima: dalili na chanzo chake

Kusi, ule upepo mkali wa kusini, likishika, vyombo vidogo vingi vya pwani hupandishwa mchangani. Boti za fiba zinapinduliwa chini ya minazi, mashine zinabebwa begani hadi nyumbani. Ziwa Tanganyika mapumziko huja kwa amri: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani humo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Pwani au ziwani, matokeo ni mamoja. Mashine inakaa miezi mitatu, pengine minne, bila kuguswa, halafu siku watu wanaporudi majini simu ya fundi haipoi.

Malalamiko huwa yale yale, na mengi yalianza siku mashine ilipowekwa. Chumvi iliyobaki ndani ya bloku haipumziki, na petroli iliyoachwa kwenye kabureta inazidi kukauka siku hadi siku. Ndiyo maana nimepanga mambo hapa kwa dalili: unachokiona leo, kilichosababisha, dawa yake sasa, na namna ya kukizuia msimu ujao. Mifano mingi ni ya mashine za stroki mbili zenye kabureta, hizi Yamaha Enduro za 15 na 40 zilizojaa kila diko. Kwenye stroki nne nitataja pale mambo yanapotofautiana.

Inawaka kwa choki tu, ukiirudisha inazimika

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuliko zote. Mashine inaunguruma vizuri choki ikiwa imevutwa, ukiisukuma ndani inakohoa na kufa. Au inakubali kukimbia kwa mafuta mengi lakini sailensa, yaani mwendo wa taratibu bila kuongeza mafuta, haikai kabisa. Maana yake mafuta hayapiti ya kutosha, na mara nyingi kilichoziba ni jeti ndogo ya sailensa, kile kipande chenye kitundu cha kupitishia mafuta.

Petroli ikikaa kwenye bakuli la kabureta kwenye joto letu, sehemu yake nyepesi inapaa. Kinachobaki ni utomvu wa kahawia unaonata, na kwenye stroki mbili oili iliyochanganywa nayo inabaki humo humo, nzito. Tundu la jeti ni dogo kuliko sindano ya kushonea. Utando kidogo tu unatosha kulifunga.

Kabla hujafungua kitu, tafuta skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli la kabureta. Weka chini yake glasi au chupa nyeupe iliyokatwa, legeza, uache mafuta yashuke. Yatazame juani. Yakiwa maangavu yenye rangi ya oili yako ya kawaida, kabureta huenda haina kosa. Yakiwa na rangi ya asali na harufu kali kama ya rangi ya ukuta, umeshapata jibu. Ukiona matone yanayobingirika chini ya glasi bila kuchanganyika, hayo ni maji, na kazi inahamia kwenye tangi.

Ikiwa ni utomvu, kabureta ishuke. Fungua bakuli, toa jeti moja moja, ziloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha zipulize kwa upepo. Inua kila jeti kuelekea mwanga: unatakiwa uone duara kamili, si nusu mwezi. Usichokonoe kwa waya wa chuma. Jeti ni ya shaba laini, ukiipanua hata kidogo mashine itakula mafuta kupita kiasi na hutajua kwa nini. Unyuzi mwembamba wa nailoni ya mshipi unafanya kazi hiyo bila madhara. Skrubu ya hewa usiitoe hivi hivi. Ifunge kwanza taratibu huku ukihesabu mizunguko, ili uirudishe ilipokuwa.

Msimu ujao, siku ya kuweka, chomoa mpira wa mafuta mashine ikiwa inaunguruma taratibu na iache ijizimie. Wengi huishia hapo, nayo ni nusu ya kazi. Mashine huzimika mafuta yanapopungua chini ya kiwango cha jeti, kwa hiyo chini ya bakuli bado kuna kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachogeuka utomvu. Fungua ile skrubu umwage mpaka tone la mwisho. Kuna sababu nyingine ya kufanya hivi: mashine nyingi hulala chumbani kwa hofu ya wezi, na mvuke wa petroli chumbani mnapowashwa kibatari au jiko ni moto unaosubiri.

Mchanganyiko uliobaki kwenye tangi usiulaze. Mpe mwenye chombo kinachoendelea kutoka, au mwenye msumeno wa mashine, maana nao ni stroki mbili. Mwanzo wa msimu changanya upya kwa kipimo cha 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Tangi la lita 20 linataka mililita 400. Oili iwe ya mashine za majini, yenye alama TC-W3. Ile ya pikipiki za stroki mbili imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa upepo, na kwenye mashine ya boti inaacha masizi.

Kwa mashine za stroki nne zinazorusha mafuta kwa umeme, usifuate habari ya kukausha. Hizo tia dawa ya kutunza petroli kwenye tangi, ziendeshe dakika kumi hivi ili dawa ifike mpaka kwenye nozeli, kisha zima.

Pampu ya mkono haigandi

Unabonyeza ile pampu ya mpira, inabaki laini kama embe bovu. Hewa inaingia mahali. Angalia kwanza kizibo cha hewa cha tangi: kimefunguliwa? Halafu mshale uliochorwa kwenye pampu uelekee kwenye mashine. Kisha ringi ndogo za mpira kwenye viunganishi vya ncha zote mbili, na mwisho mpira wenyewe; ukunje kwa vidole, jua la miezi mitatu likiwa limeupiga utaona nyufa ndogo. Mpira wenye nyufa haurekebishwi kwa gundi wala kwa kufungwa nailoni. Ubadilishe.

Ikiwa pampu inaganda vizuri lakini kabureta kavu, sindano ya floti, inayofungua na kufunga mafuta yanayoingia kwenye bakuli, imenata. Gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Mara nyingi inaachia, ingawa hiyo ni dalili kwamba kabureta nzima inataka kusafishwa.

Kamba haivutiki

Hii ni kamba ya kuwashia. Usitie nguvu. Angalia gia kwanza. Mashine nyingi zina kizuizi kinachofunga kamba kama gia haiko fri, yaani imeingia mbele au nyuma, na watu wamewahi kukata kamba kwa kusahau hilo tu.

Gia ikiwa fri na kamba bado ngumu, toa plagi zote mbili uvute tena. Ikivutika sasa, ndani ya silinda mlikuwa na maji au oili. Iache iteme, kausha, ujue mapema kwamba maji hayo yana historia. Ikikataa hata bila plagi, fungua kava la stata ili utenge mambo mawili. Springi ya stata yenyewe ikiwa imeshika kutu, flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, itazunguka kwa mkono na tatizo ni dogo. Flaiwili nayo ikikataa, pistoni zimeshika.

Pistoni kushika baada ya kulala ni kazi ya kutu. Silinda ikiachwa bila oili, hewa ya chumvi inaweka ukungu wa kutu ukutani, na ringi zinakwama hapo hapo zilipolala. Tia oili ya kupenya kutu kwenye matundu ya plagi, au oili ya gia otomatiki iliyochanganywa na mafuta ya taa, uache usiku kucha au zaidi. Kisha shika nati ya flaiwili kwa spana na ujaribu kuzungusha upande wa mshale wa saa. Upande huo nati haiwezi kulegea. Ikisogea hata unywele, rudi nyuma, nenda mbele, ongeza oili. Subira hapa ina faida kubwa. Isiposogea kabisa baada ya siku kadhaa, hedi ifunguliwe na fundi, maana ukitia bomba refu kwenye spana utavunja ringi na kuchana silinda.

Kinga yake ni rahisi hata kuona haya kuitaja. Siku ya kuweka, mashine ikishazimika, toa plagi, tia kijiko cha chai cha oili ya stroki mbili (2T) kwenye kila silinda, chomoa kamba ya usalama ili umeme usiruke, kisha vuta stata taratibu mara kadhaa oili itambae. Rudisha plagi za zamani. Kila mwezi vuta tena taratibu mara mbili tatu. Siku ya kuwasha itatoa moshi mwingi na huenda ikazichafua plagi, ndiyo maana mpya unazihifadhi mpaka moshi uishe.

Kamba inavutika, mafuta yapo, haiwaki

Kamba ya usalama imechomekwa? Uliza hivyo kabla ya kugusa spana. Kisha toa plagi, ichomeke kwenye kofia yake, igusishe kwenye bloku mbali na tundu lililotoka petroli, uvute. Unatafuta cheche ya buluu inayolia. Cheche ya njano iliyofifia, au isiyokuwepo, jaribu kwa plagi mpya kwanza. Plagi ya NGK ambayo namba yake inaishia na -10 inataka uwazi wa milimita 1.0.

Cheche zisiporudi kwa plagi mpya, fuata waya. Panya hupenda kujenga chini ya kava, na waya uliotafunwa unaonekana kwa macho. Viunganishi vyenye unga wa kijani vichomoe, visugue, vipake grisi kidogo. Swichi ya kuzimia nayo hushika chumvi ikabaki imejifunga. Tenganisha waya wake kwa muda, na cheche zikirudi umemjua mbaya wako. Waya huo urudishe mara tu swichi inapobadilishwa. Usiende majini na mashine isiyozimika.

Mashine haikojoi

Imewaka, lakini maji hayatoki kwenye kile kitundu cha nyuma. Zima sasa hivi. Impela, kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza, ikizunguka kavu inaungua kwa sekunde chache, na silinda zinafuata.

Anza na kitundu chenyewe. Nyigu wa udongo wanakipenda: tundu dogo, kavu, lenye kivuli, ndani ya miezi mitatu anakuwa ameshajenga na kuzaa humo. Ingiza nailoni nene ya mshipi, zungusha, utaona vumbi jekundu linashuka. Katika mashine za msimu mpya zisizokojoa, nyigu anahusika kuliko wengi wanavyodhani. Baada ya hapo tazama vichujio vya kuingizia maji kwenye mguu, yaani sehemu ya chini inayozama majini: mchanga, mwani, vipande vya nailoni.

Visafi vyote viwili na bado hakuna maji, mguu ushushwe impela ikaguliwe. Impela iliyolala muda mrefu mapezi yake yanabaki yamepinda upande mmoja, hayasukumi. Ukikuta pezi limekatika, kipande chake kitafute mpaka ukipate. Kipo mahali kwenye njia ya maji, na kitaziba hata ukiweka impela mpya. Unaporudisha kikombe kinachofunika impela, zungusha shafti upande wa mshale wa saa huku unakishusha ili mapezi yalale inavyostahili, na usisahau kile kiufunguo kidogo cha chuma. Mimi hubadilisha impela kila mwaka kwa mashine inayofanya kazi kila siku. Bei yake na bei ya hedi hazifanani.

Sasa kuna hali nyingine: inakojoa, lakini maji ni ya moto sana na mashine inapoteza nguvu baada ya nusu saa. Hiyo ni chumvi ndani ya bloku, au thamostati (mlango wa maji unaofunguka mashine ikipata moto) iliyoshika. Thamostati ipime jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji, pasha moto, inatakiwa ifunguke waziwazi kabla maji hayajachemka. Chumvi iliyoganda kwenye njia inalainishwa kwa siki na kukwanguliwa kwa uangalifu hedi ikiwa imefunguliwa.

Hapa ndipo watu wanapodanganyika na neno "nimeisuuza". Kumwagia mashine ndoo tatu kwa nje hakusuuzi kitu. Hata kuiwasha dakika mbili kwenye pipa hakutoshi, kwa sababu thamostati ikiwa bado imefungwa maji mengi hayajapita kwenye bloku. Inabidi ipate moto kwanza. Kata pipa la lita 200, ning'iniza mashine kwenye ubao imara, toa propela, jaza maji yapite kidogo juu ya lile bati la mlalo lililo juu ya propela. Iache iungurume taratibu dakika kumi hadi kumi na tano, nje penye upepo. Maji ya kwanza yatakuwa yamechafuka kwa chumvi na oili. Yamwage, jaza mengine, rudia.

Na maji yenyewe yaonje. Visima vingi karibu na ufuko vina chumvichumvi, na kusuuza chumvi kwa chumvi ni kupoteza petroli. Bahati nzuri mashine huwekwa mwishoni mwa masika: kinga maji ya mvua kwenye bati la nyumba. Ziwani chumvi haipo, lakini mchanga na tope vipo, kwa hiyo pipa bado linahitajika.

Oili ya gia imekuwa kama maziwa

Hili likaguliwe siku ya kuweka, kabla ya kusubiri dalili. Vitabu vya mashine huonya kwamba maji kwenye gia boksi yataganda kwa baridi na kupasua nyumba yake. Kwetu hakuna barafu, na wengi wakisoma hapo wanaruka ukurasa. Tatizo letu ni kutu: maji ya chumvi yakilala miezi mitatu juu ya beringi na meno ya gia, msimu unaanza na mlio wa kusaga.

Simamisha mashine wima, legeza bolti ya chini, kisha ya juu. Oili nzuri inatoka nyeusi au ya kahawia, laini. Rangi ya maziwa ni maji. Vumbi laini la kijivu kwenye bolti yenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole si kawaida.

Maji huingia kwa njia mbili hasa. Ya kwanza ni washa za bolti hizo mbili zilizotumika tena na tena. Ya pili, na ndiyo ya wavuvi, ni nailoni iliyojizungusha nyuma ya propela na kukata oili sili, ule mpira unaozuia maji kwenye shafti. Kwa hiyo propela lazima itoke kila unapoweka mashine. Kata nailoni yote, paka grisi kwenye shafti, weka pini mpya. Ukiacha propela hapo mwaka wa pili na wa tatu, siku ya kuitoa utahitaji nyundo.

Kujaza, tia oili ya gia SAE 90 kutoka tundu la chini mpaka itoke tundu la juu bila mapovu. Funga ya juu kwanza, kisha ya chini haraka. Ukijaza kutoka juu unafungia hewa ndani na kiwango kinakudanganya. Sili ikiwa imekatika, ibadilishe kabla ya kulaza mashine, maana Septemba hakuna fundi mwenye nafasi.

Mengine ya haraka

Usukani au breketi iliyoganda: grisi haikuingia kwenye nipo, kile kitundu cha kupigia grisi. Piga grisi mpya mpaka ya zamani itoke na maji yake, huku unasogeza mashine huku na huku.

Zinki, kile kipande kinacholiwa na kutu badala ya mguu, ikiisha kufikia nusu, badilisha. Ukiipaka rangi umeiua, haifanyi kazi tena, na mguu ndio utakaoliwa badala yake.

Betri, kwa wenye stata ya umeme: ichomoe, ichaji kila mwezi. Ikipumzika inasoma volti 12.6 kama imejaa.

Kuhusu kufunika, watu huivingirisha mashine kwa nailoni nzito wakidhani wanaikinga. Nailoni inafungia unyevu, mashine inatoka jasho usiku kucha. Shuka kuukuu la pamba linatosha. Dizeli na oili chafu msipake. Dizeli inalainisha mipira, na oili chafu imebeba asidi. Ilaze ikiwa tu haiwezekani kuisimamisha, na baada ya maji yote kushuka, kichwa kikiwa juu kuliko mguu, la sivyo maji yaliyobaki kwenye ekzosi yatarudi kwenye silinda. Stroki nne ina upande mmoja tu wa kulalia, umechorwa kwenye mashine au kitabuni.

Mashine iliyozama ndipo ikawekwa

Kusi linapindua vyombo, na kila mwaka kuna mashine inayotolewa baharini, ikafutwa, ikawekwa kona "mpaka tutakapopata hela". Ikifunguliwa baada ya miezi miwili, beringi za kranki zimekuwa nyekundu na hakuna cha kuokoa ila kava.

Saa za kwanza ndizo zenye thamani. Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, toa plagi, ielekeze matundu chini, vuta kamba polepole maji yatoke. Ikikataa kuzunguka usilazimishe. Huenda kuna mchanga au kono linaloshika pistoni limepinda. Mwaga kabureta na mafuta yote. Tia oili tele kwenye silinda na kwenye mdomo wa kabureta, vuta tena, kisha iwashwe siku hiyo hiyo na kuachwa iungurume kwenye pipa kwa nusu saa au zaidi. Kama fundi hapatikani mpaka kesho, usiiache ikauke hewani. Itumbukize nzima, pamoja na kichwa, kwenye pipa la maji ya mvua, na ibaki humo mpaka fundi afike.